Kurasa Zisizoonekana Google: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mipangilio ya Tovuti

Majibu haya yamekusudiwa wenye tovuti, pamoja na wale wanaozisimamia kwa niaba ya shule, maduka, asasi na vyombo vya habari, ambao kurasa zao hufunguka vizuri kwenye kivinjari lakini hazipatikani mtu anapozitafuta. Hayahusu namna ya kupanda kutoka nafasi ya arobaini hadi ya tatu. Yanahusu ukurasa ambao haumo kabisa katika faharasa ya Google au Bing, yaani orodha ya kurasa ambamo injini ya utafutaji huchota matokeo, kwa sababu kuna mpangilio, mahali fulani, unaoziambia injini hizo zisiuingize.

Nitajuaje kwamba ukurasa haumo kabisa, na si kwamba uko mbali sana kwenye matokeo?

Wengi huandika neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yao katika kisanduku cha Google, na kuhesabu kinachotokea. Njia hiyo inafaa kwa kupapasa tu, kwa kuwa Google haiahidi kuonyesha kila ukurasa ilio nao kwa utafutaji wa namna hiyo, na idadi inayoonyeshwa juu ya matokeo ni makadirio.

Jibu la kuaminika hutoka katika Google Search Console, ambayo ni huduma ya bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, ama kwa kuongeza rekodi ya TXT kwenye mipangilio ya kikoa au kwa kupakia faili dogo kwenye seva, kisha unabandika anwani kamili ya ukurasa katika kisanduku cha ukaguzi kilicho juu. Utapewa maelezo ya mara ya mwisho roboti wa Google, yaani programu inayopitia kurasa, alipoufikia ukurasa, alichokikuta, na kama uliingizwa kwenye faharasa. Zingatia kwamba maelezo hayo ya kwanza ni ya nakala iliyohifadhiwa siku roboti alipopita, ambayo huenda ilikuwa kabla hujabadilisha chochote. Ukitaka kujua hali ya sasa, bonyeza kitufe cha kujaribu ukurasa moja kwa moja, kisha ulinganishe majibu mawili. Bing nayo ina huduma yake ya aina hiyo, Bing Webmaster Tools, ambayo inaweza kuchukua uthibitisho wako moja kwa moja kutoka Search Console.

Ripoti inataja sababu nyingi za kurasa kutoingizwa. Zipi ni za mipangilio?

Ripoti ikisema kwamba ukurasa umetengwa na lebo ya noindex, umezuiwa na robots.txt, unaelekeza kwingine, unarudisha kosa la seva, au unadai ruhusa ya kuingia, hilo ni suala la mipangilio, na majibu yanayofuata yanalihusu. Ikisema kwamba ukurasa ni nakala na Google imechagua ukurasa mwingine kuwa ndio asili, mara nyingi pia kuna mpangilio nyuma yake.

Lakini kuna sababu mbili zinazofanana kwa maneno na zinazowapotezea watu muda mwingi: ukurasa umegunduliwa ila haujaingizwa, na ukurasa umepitiwa ila haujaingizwa. Ya kwanza ina maana kwamba Google inaijua anwani lakini bado haijaitembelea. Ya pili ina maana kwamba imeitembelea, ikasoma kilichomo, na kuamua kutokiweka. Hakuna kisanduku cha kutiki kitakachoibadili hali hiyo ya pili. Aghalabu ukurasa wenyewe ni mwepisi mno, unarudia yaliyoandikwa kwingine, au hakuna ukurasa mwingine wa tovuti hiyo unaouelekezea kiungo. Kabla hujaanza kugusa mipangilio, hakikisha kwamba tatizo lako si hili.

Kuna tofauti gani kati ya robots.txt na noindex? Si zote zinazuia?

Zinazuia vitu viwili tofauti, na kutozitenganisha ndiko chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yanayoulizwa hapa.

Faili la robots.txt, ambalo utaratibu wake ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuandikwa rasmi kama kiwango cha intaneti kwa jina la RFC 9309 mwaka 2022, linamwambia roboti asifungue kurasa fulani. Halisemi lolote kuhusu kama kurasa hizo ziorodheshwe au la. Agizo la noindex, ambalo hukaa ndani ya ukurasa wenyewe au katika majibu ya seva, linamwambia roboti aliyekwisha kuufungua ukurasa kwamba asiuweke kwenye matokeo. Ni sawa na askari wa getini na karatasi iliyobandikwa sebuleni: mgeni aliyezuiwa getini hawezi kuisoma karatasi.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili yanayowashangaza watu. La kwanza ni kwamba ukurasa uliozuiwa kwa robots.txt bado unaweza kuonekana kwenye matokeo ya Google ukiwa na anwani tupu bila maelezo, ikiwa tovuti nyingine zimeuwekea viungo. La pili ni kwamba mtu anayetaka ukurasa uondoke, akaweka noindex na papo hapo akauzuia kwa robots.txt ili kuhakikisha, amebatilisha agizo lake mwenyewe, kwa sababu Google haitafika mahali pa kulisoma. Kanuni ni kuchagua kimoja. Ukurasa unaotakiwa uonekane usiwe na chochote kati ya hivi viwili. Ukurasa usiotakiwa uonekane uwe na noindex na uachwe wazi kwa roboti.

Ukikuta mahali panaposhauri kuandika noindex ndani ya robots.txt, ushauri huo umepitwa na wakati: Google iliacha kuitambua namna hiyo tarehe 1 Septemba 2019.

Tovuti yangu ni ya WordPress na haionekani kabisa, hata kwa jina lake. Nianzie wapi?

Anzia kwenye sehemu ya Settings, kisha Reading, na utazame kisanduku cha mwisho kinachohusu injini za utafutaji. Kikiwa na tiki, tovuti nzima inaziomba injini zisiiorodheshe. Fundi hukitiki wakati tovuti ikiwa bado inajengwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa, kisha siku ya uzinduzi hakuna anayekikumbuka. Hata pale tovuti ya majaribio inapohamishiwa kwenye kikoa rasmi, tiki hiyo huhama nayo, kwa sababu imehifadhiwa kwenye hifadhidata pamoja na makala na kurasa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa dashibodi, katika kile kisanduku cha muhtasari, WordPress huweka onyo dogo la maandishi kuhusu hali hii. Kwa bahati mbaya ni dogo kiasi cha kuzoeleka.

Tangu toleo la 5.3, lililotoka Novemba 2019, tiki hiyo huongeza lebo ya noindex kwenye kila ukurasa. Matoleo ya zamani yaliandika zuio la tovuti nzima katika robots.txt. Kwa hiyo, kama tovuti yako ni ya miaka mingi, angalia pande zote mbili. Kumbuka pia kwamba WordPress hutengeneza robots.txt ya kufikirika tu, isiyokuwepo kama faili. Kukiwa na faili halisi lililosahauliwa kwenye seva, hilo ndilo linalosomwa, na kuondoa tiki hakutalibadilisha.

Kisiposaidia hicho, fungua programu-jalizi ya utafutaji unayotumia, iwe Yoast, Rank Math au nyingine. Hizi zina mipangilio yake ya noindex kwa kila aina ya ukurasa: makala, bidhaa, kategoria, lebo, hifadhi za waandishi. Mtu akizima bidhaa, duka zima hutoweka Google huku ukurasa wa mwanzo ukiendelea kuonekana. Kila ukurasa nao una swichi yake binafsi chini ya kihariri.

Nisomeje robots.txt ya tovuti yangu?

Andika anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na mkwaju na robots.txt kwenye kivinjari. Kila kikoa kidogo kina faili lake, kwa hiyo faili la duka.mfano.co.tz halihusiani na la mfano.co.tz.

Mstari wa hatari zaidi ni Disallow ikifuatiwa na nukta mbili na mkwaju mmoja peke yake: huo unazuia tovuti nzima. Disallow isiyofuatiwa na kitu haizuii chochote. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha tovuti iliyo wazi na iliyofungwa.

Jambo jingine ni kwamba njia iliyoandikwa husomwa kama mwanzo wa anwani, si kama jina kamili. Tuseme umeandika Disallow: /kazi ukikusudia kuficha folda ya rasimu za ndani. Umezuia pia /kazi-zetu, /kazini na /kazi-za-ajira. Ungeandika /kazi/ yenye mkwaju mwishoni, lingezuiwa folda pekee. Herufi kubwa na ndogo nazo huhesabiwa kuwa tofauti, na pale sheria mbili zinapopingana, Google hufuata ile yenye njia ndefu zaidi.

Tena, roboti hufuata kundi la sheria linalomtaja kwa jina na kuyaacha mengine. Ikiwa umeandika sheria kumi chini ya kinyota cha roboti wote, halafu mstari mmoja chini ya Googlebot, ambalo ni jina la roboti wa Google, basi Googlebot atausoma huo mmoja tu. Baada ya kurekebisha, fahamu kwamba Google huhifadhi nakala ya faili hili kwa kawaida hadi saa 24. Search Console ina ripoti ya robots.txt ambamo unaweza kuomba lisomwe upya mapema.

Nimeondoa noindex lakini Search Console bado inasema ipo. Imejificha wapi?

Kwanza hakikisha huangalii ripoti ya nakala ya zamani, kama ilivyoelezwa juu. Jaribio la moja kwa moja likiiona bado, futa akiba ya kurasa kwenye programu-jalizi yako na kwenye huduma ya usambazaji kama Cloudflare, kwa kuwa mara nyingi roboti hupewa ukurasa uliohifadhiwa wiki iliyopita.

Baada ya hapo angalia majibu ya seva yenyewe. Agizo la noindex linaweza kutumwa katika kichwa kinachoitwa X-Robots-Tag, ambacho hakionekani hata ukifungua msimbo wa ukurasa mstari kwa mstari. Ukiandika curl -I na anwani yako kwenye kompyuta yenye amri hiyo, au ukifungua zana za wasanidi za kivinjari upande wa mtandao, utakiona. Kwenye seva za Apache huwekwa katika faili la .htaccess, na kwenye Nginx katika faili za usanidi, kwa hiyo huenda ukahitaji msaada wa kampuni inayohifadhi tovuti. Ukikuta faili za PDF peke yake ndizo hazionekani, sehemu hii ndiyo ya kwanza kushuku, maana PDF haina mahali pa kuweka lebo ya meta.

Wapo wanaoacha noindex kwenye msimbo wa awali na kuiondoa kwa JavaScript ukurasa unapofunguka. Hilo halitegemewi, kwa sababu Google ikiiona noindex mwanzoni inaweza kuacha kabisa kuendesha JavaScript ya ukurasa huo. Na pale maagizo mawili yanapotofautiana, Google hufuata lile kali zaidi.

Tovuti yetu ina Kiingereza na Kiswahili. Kwa nini kurasa za Kiingereza zinaonekana na za Kiswahili hazionekani?

Swali hili lina majibu kadhaa, na inafaa kuyapitia moja baada ya jingine, kwa sababu tovuti nyingi za kwetu zilijengwa kwa Kiingereza kwanza na Kiswahili kikaongezwa baadaye kwa programu-jalizi.

Kosa la kwanza ni lebo ya anwani asili, ile ya rel canonical. Lebo hii iliyokubaliwa na Google, Yahoo na Microsoft mwaka 2009 huziambia injini kwamba kati ya kurasa zinazofanana, huu ndio wa kuonyeshwa. Ukurasa wa Kiswahili ukiwa na lebo inayoelekeza kwenye ukurasa wa Kiingereza, unakuwa umejitangaza wenyewe kuwa nakala. Kila ukurasa wa lugha unapaswa kujitaja wenyewe kuwa asili, na uhusiano wa lugha uelezwe kwa lebo za hreflang, ambapo Kiswahili huandikwa sw na kila upande unautaja mwenzake. Upande mmoja usipomtaja mwenzake, Google huweza kulipuuza tangazo hilo lote.

Kosa la pili ni kubadilisha lugha bila kubadilisha anwani. Msomaji anabonyeza bendera, kidakuzi (faili dogo la kukumbuka chaguo lake) kinahifadhiwa, na maneno yanageuka kuwa Kiswahili huku anwani ikibaki ileile. Roboti wa Google hana kidakuzi chako. Zaidi ya hayo, hatumi ujumbe wa lugha anayoipendelea, na kwa kawaida hufika akitokea kwenye anwani za mtandao za Marekani. Tovuti inayomchagulia msomaji lugha kwa kuangalia nchi yake itampa Kiingereza kila anapokuja. Kwake yeye, Kiswahili chako hakipo. Dawa ni kukipa Kiswahili anwani zake, kwa mfano zinazoanza na /sw/, na kuweka viungo vya kawaida vinavyozifikia.

Kosa la tatu ni la robots.txt. Kuna mstari unaonakiliwa sana, Disallow: /*?, unaozuia anwani zote zenye alama ya kuuliza ili roboti asipotee katika vichujio vya bidhaa. Ikiwa programu-jalizi yako hutambulisha Kiswahili kwa ?lang=sw, mstari huo umezuia kila neno la Kiswahili kwenye tovuti. Binafsi naona afadhali kubadilisha muundo wa anwani kuliko kuanza kuandika vighairi, lakini kuongeza Allow: /*?lang=sw kutafungua njia wakati ukijipanga.

Kwa upande mwingine, sifa ya lang iliyo mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa si ya kuhangaikia kwa suala hili. Google huitambua lugha kwa kusoma maandishi yanayoonekana.

Je, seva au ulinzi wa tovuti unaweza kuwa ndio unaozuia?

Ndiyo, na ni aina ya zuio inayochelewa kugunduliwa, kwa sababu mwenye tovuti akiwa Mombasa au Dodoma huona kila kitu kiko sawa. Baada ya shambulio, msimamizi huamua kufungia nchi zote za nje na kuacha Afrika Mashariki peke yake. Kwa kuwa Googlebot hutokea zaidi Marekani, amefungiwa naye. Hali ni hiyohiyo pale ulinzi unapomtaka kila mgeni athibitishe kuwa ni binadamu. Katika jaribio la moja kwa moja utaona kosa la 403, yaani kukataliwa kuingia, au picha ya ukurasa wa uthibitisho badala ya makala yako.

Usitatue kwa kuruhusu kila anayejiita Googlebot, maana jina hilo linaweza kuigwa na yeyote. Google huchapisha orodha ya anwani za roboti wake, na unaweza pia kuhakikisha kwa kutafuta jina la seva iliyokuja, ambalo huishia googlebot.com au google.com, na kisha kurudi kutoka kwenye jina hilo hadi kwenye anwani ileile.

Tovuti ikifungwa kwa matengenezo, seva irudishe msimbo wa 503 (huduma haipatikani kwa sasa), si ukurasa wa pole wenye 200 (kila kitu kiko sawa). Hata hivyo 503 si ya kuachwa kwa majuma, kwani kurasa zitaanza kuondolewa. Faili la robots.txt lenyewe likirudisha kosa la familia ya 500, Google husitisha kuipitia tovuti kwa saa 12, kisha hutumia nakala nzuri ya mwisho kwa siku hadi 30.

Ramani ya tovuti itanisaidia?

Ramani ya tovuti (sitemap) ni faili linaloorodhesha anwani za kurasa zako. Itasaidia kurasa zijulikane, lakini haiondoi zuio lolote. Faili moja huchukua anwani hadi 50,000 na ukubwa wa MB 50 bila kubanwa. Ramani iliyojaa kurasa zenye noindex au zinazoelekeza kwingine inajipinga yenyewe, kwa hiyo acha humo zile tu unazotaka zionekane.

Situmii WordPress. Na Blogger au Wix?

Blogger ina swichi ya kuruhusu injini za utafutaji chini ya mipangilio ya faragha, na chini zaidi ina lebo maalumu za roboti ambazo ni vizuri kuziacha zimezimwa usipozielewa. Wix ina swichi ya tovuti nzima pamoja na ya kila ukurasa. Duka la Shopify ambalo bado limefungwa kwa nenosiri halitaorodheshwa.

Kuna uwezekano kwamba mtu aliuondoa ukurasa kwa makusudi?

Upo. Katika Search Console kuna sehemu ya kuondoa kurasa kwa muda, na ombi lililokubaliwa hudumu takriban miezi 6. Aliyekuwa msimamizi wa tovuti anaweza kuwa aliomba tovuti nzima iondolewe. Fungua sehemu hiyo, na ukikuta ombi lililo hai, lighairi. Pitia pia ripoti ya adhabu za mikono na ya usalama, ambazo kwa tovuti nyingi huwa tupu.

Nimerekebisha kila kitu. Nisubiri muda gani, na je, nimlipe mtu aharakishe?

Kwa kurasa chache za muhimu, tumia kitufe cha kuomba uingizwe katika ukaguzi wa anwani. Maombi kwa siku yana kikomo, na kurudia ombi la anwani ileile hakuongezi kasi. Kwa kurasa nyingi, wasilisha ramani ya tovuti na ubonyeze kitufe cha kuthibitisha marekebisho katika ripoti. Kazi huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Bing hupokea taarifa za mabadiliko kupitia utaratibu wa IndexNow, lakini Google haiutumii.

Anayekuuzia uhakika wa kuingizwa ndani ya saa chache anauza asichomiliki. Kuna kiungo cha programu (API) cha Google cha kutuma anwani moja kwa moja, lakini kimetengwa kwa matangazo ya kazi na matangazo mubashara ya video. Kumlipa fundi apitie .htaccess na mipangilio ya ulinzi ni jambo la maana. Mwombe tu akuandikie alichobadilisha na mahali alipokibadilisha.

Zipo kurasa ambazo kweli sitaki zionekane, kama risiti za wateja. Nitumie ipi kati ya hizi?

Usitumie robots.txt. Faili hilo linasomwa na yeyote, na kuorodhesha humo folda ya risiti ni kuwaonyesha watu ilipo. Agizo la noindex litaiondoa kwenye matokeo ya utafutaji, lakini mwenye kiungo bado ataifungua. Taarifa za wateja ziwekwe nyuma ya nenosiri kwenye seva, na ikiwa tayari zimeshaingia Google, anza kwa kuzifunga, kisha ndipo utume ombi la kuziondoa, kwa sababu ombi peke yake likiisha muda wake na kurasa zikiwa bado wazi, zitarudi.